Mkanda Juu ya Mkanda

Nguo ya mtu mwingine haipandi mezani kwangu kabla haijafuliwa. Wateja wangu wanalijua hilo na wamelizoea, ingawa hawaachi kunicheka. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni kurekebisha nguo zilizokwishavaliwa: kupunguza kiuno, kubadili zipu, kuteremsha pindo. Mtu akiniletea koti, humwomba alishike mwenyewe pale mlangoni, nami nalizunguka kwa macho mpaka nione pa kurekebisha, kisha namwambia akalifue kwanza. Mtaani wananiita Sabuni. Hata mke wangu huniita hivyo akiwa amechoka nami.

Kinyaa hiki sikujifundisha, nimekua nacho. Kikombe kilichoguswa na midomo ya mwingine sikinywei. Kijiko kikiwa na alama ya mafuta ukingoni, hamu yangu ya chakula imekwisha. Najua kinawaudhi watu, na mara nyingi nimeketi mezani kwa ndugu nikijilazimisha kumeza huku wote wananitazama koo. Kwa hiyo binti yetu alipohitaji baiskeli, na ikaonekana wazi kwamba mpya ya maana hatutaiweza, nilijua tabu itaanzia puani mwangu.

Haja yenyewe ilianza na mikate. Binti yangu alikuwa akiazima baiskeli ya jirani, ile yenye kapu mbele, kwenda kutuletea mikate ya asubuhi. Siku moja, kwenye mlima wa tangi la maji, aliwapita vijana wa timu ya baiskeli waliokuwa mazoezini. Hakujua kama anawashinda. Alikuwa anawahi kabla mikate haijapoa. Mwalimu wao alimfuata hadi kwenye geti letu, jasho linamtiririka.

"Wewe, nani amekufundisha?"

"Kufundishwa nini?" binti akauliza, kapu mkononi.

Akapewa nafasi ya kujaribiwa mwisho wa mwezi. Angepanda hadi kwenye tangi, azunguke, ateremke hadi darajani. Sharti lilikuwa moja tu, aje na baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. "Siyo lazima iwe ya bei kubwa," mwalimu aliniambia. "Ya kuanzia inatosha. Ila ule mtelemko hauteremkwi umekaa wima kama mgeni rasmi."

Niliushuka mtelemko ule kwa miguu nipate kuujua. Mwishoni, kabla ya daraja, kuna kona kali, na kwenye kona kuna ukuta wa mawe. Nilisimama pale muda mrefu. Tangu siku hiyo, kila baiskeli niliyoonyeshwa niliiweka kwanza kichwani, pale kwenye kona, binti yangu akiwa juu yake, nikauangalia ukuta.

Baiskeli sikuzijua. Nilijifunza kama nilivyojifunza cherehani, kwa kuuliza na kusoma magazeti ya zamani yenye picha, nikijua neno moja nalitafuta lile linalofuata. Nikaamua nitakagua baiskeli kama ninavyokagua koti la mtumba. Mwenye koti humwulizi lina umri gani. Unatazama viwiko, unatazama makalio ya suruali yake, pale mwili unapoegemea na kusugua, na nguo inakwambia yenyewe. Baiskeli nayo ina viwiko vyake: tairi, cheni, meno ya gia, raba za breki.

Tulianza na duka la vioo lililoko barabara kuu. Muuzaji alikuja na kijiti mdomoni, akakitoa, akakitumia kutuonyesha gia, akakirudisha mdomoni. Baiskeli ilikuwa mpya na inang'aa, na bei yake ilivumilika.

"Hii ni ya kuanzia, mzee. Akishazoea mtarudi kuchukua ya ukweli."

"Kwa hiyo hii ni ya uongo?" binti akauliza.

Akabana breki. Mkono wa breki ukaenda mpaka ukagusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka taratibu kana kwamba halikusikia. Niliuona ukuta. Tukashukuru, tukatoka.

Kutoka hapo tulikwenda kwa fundi baiskeli, nyuma ya soko. Ni mzee mfupi mwenye mikono iliyokolea grisi mpaka kwenye mikunjo, na kibanda chake kimetundikwa magurudumu hadi darini. Alikuwa na baiskeli moja ya mbio ya kuuza, ya chuma, nzito kidogo, ya zamani. Vishikio vya kubadilishia gia vilikuwa chini kwenye bomba la fremu badala ya kwenye usukani. Rangi yake ilikuwa rangi ya maini.

"Mbaya kwa sura," fundi akasema, "lakini haina siri. Kila kilichochakaa nimekibadilisha, na kile nilichokitoa kipo kwenye debe lile, nenda kakiangalie."

Niliiangalia kwa utaratibu wangu wote. Viwiko vilikuwa vizima. Breki zilishika. Binti aliizungusha uwanjani akarudi anatabasamu. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Ndipo fundi, katika kunihakikishia kwamba tairi halivuji, akatema mate kwenye kidole, akayapaka juu ya mdomo wa mpira wa kujazia upepo, akainama kuyatazama.

"Umeona? Hakuna povu. Haivuji hata chembe."

Kisha akapangusa kidole kile kwenye tandiko, palepale atakapokalia mwanangu, akaninyooshea mkono tupeane wa makubaliano.

Nilijikuta mikono yangu iko mgongoni. Sikuipeleka mimi, ilikwenda yenyewe.

"Tutafikiria," nikasema.

Tulivuka soko. Binti yangu ndiye aliyeanza.

"Baba, tunafikiria nini?"

"Ni nzito."

"Ni mate."

Nikaongeza mwendo.

"Baba, umekataa baiskeli nzima kwa tone la mate. Ningelifuta."

Alikuwa amesema kweli, na hakulisema kwa ukali, jambo lililonichoma zaidi. Nilipofika nyumbani nilijiambia kwamba pua yangu haitapiga kura tena katika jambo hili. Mtoto asikose nafasi yake kwa sababu baba yake anaona kinyaa.

Mke wangu aliposikia tumerudi mikono mitupu, akapiga makofi. "Kwani mnahangaikia nini na kaka yangu yupo?"

Huyo kaka, shemeji yangu, ni mdogo wake wa kumfuata. Mke wangu alimbeba mgongoni alipokuwa yeye mwenyewe bado mtoto, na mpaka leo akimwona humtazama kama anayetaka kumfuta kamasi. Ana duka la makochi, ana tumbo la kumtangulia. Daktari alimwambia afanye mazoezi. Akanunua baiskeli ya mbio, akaitumia kidogo, sasa ameichoka na anataka kuiuza. Kwa mpwa wake ingekuwa bei ya ndugu, na pesa tungemlipa baadaye, tukishatulia.

Tulikwenda wote watatu. Alitupokea akiwa na fulana ya mikono mifupi, akatuingiza sebuleni, akaivuta baiskeli kutoka nyuma ya pazia kama mtu anayemtoa bibi harusi.

"Haijaona vumbi," akasema. "Haijaona mvua. Njoo, mjomba." Akamshika binti bega. "Njoo uishike vizuri."

Ilikuwa nyekundu, ya alumini, nyepesi hivi kwamba binti aliinyanyua kwa mkono mmoja akacheka. Vishikio vya gia vilikuwa palepale penye breki. Mkanda wa usukani, ule unaozungushwa ili mikono isiteleze, ulikuwa mweusi, mpya, umefungwa vizuri.

Na chumba kilinuka. Sijui niseme vipi. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndooni, na chini yake kitu kichachu, kama maziwa yaliyolala. Niliinama kukagua baiskeli, harufu ikazidi. Nikainuka, ikapungua. Mke wangu aliniona ninainama na kuinuka.

"Sabuni," akaninong'oneza, "usianze."

Sikuanza. Nilikagua viwiko na magoti. Tairi la mbele lilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Cheni haikuwa na hata punje ya mchanga. Meno ya gia yalikuwa makali kama ya mtoto. La nyuma tu ndilo lililonishangaza, maana katikati lilikuwa bapa, linang'aa kama makalio ya suruali ya karani.

"Shemeji, hili mbona limeng'aa hivi, na la mbele jipya?"

"Uzito wa mpandaji unakaa nyuma," akajibu. "Na uzito ninao, si unaona?" Akapiga tumbo, wote wakacheka, nami nikacheka. Sentensi yake ilikuwa na akili ndani yake. Sikuwa na sababu ya kuikataa ila pua, na pua nilikuwa nimeinyima kura.

Nikasema ndiyo. Shemeji akanipa mkono. Ulikuwa na unyevu.

Baiskeli ilipofika kwetu binti aliizungusha mtaani, chini ya taa za duka, huku na huko. Watoto wa jirani wakamfuata wanapiga kelele. Aliporudi mezani kwa chai alinusa viganja vyake, akakunja uso.

"Baba, usicheke. Mikono yangu inanuka kama soksi."

"Nenda kanawe."

"Nimenawa."

Akamega mkate. Nikautazama mkono ule ukienda mdomoni, na chai yangu nikaisogeza mbali.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha bila kulizungumza. Nilijiuliza kama ni kinyaa changu kimemwambukiza. Asubuhi nikapata njia ambayo haimhukumu mtu: nitanunua mkanda mwingine wa usukani, nimfungie upya, iwe zawadi yangu kwake. Kufunga mkanda si kazi ngeni kwa mtu anayeshona kola. Yeye alitaka alasiri ile akajaribu mtelemko kwa mara ya kwanza. Nikamwambia anisubiri nimalize.

Nilitandika magazeti mezani, nikaulaza usukani juu yake baiskeli ikiwa imeegemea ukingo, nikavaa glavu za kuoshea vyombo. Mkanda mweusi ulitoka bila ubishi. Nilitegemea kuona chuma. Nikaona mkanda mwingine.

Huo wa chini ulikuwa mweupe siku zake za kwanza. Sasa ulikuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na ulikuwa umelowa. Mvua hatukuwa nayo kwa muda mrefu, nguo zinakauka kwenye kamba kabla hujarudi ndani, lakini ule mkanda ulikuwa mbichi. Nilipouvuta haukuachia, ulivutika. Ulinyooka kwa nyuzi za ute kama utando wa maziwa ukiuinua kwa kijiko, na ndani ya ute ule kulikuwa na vinyweleo, vifupi, vilivyojikunja, vya mkono wa mtu. Harufu niliyoiacha sebuleni kwa shemeji ikainuka ikajaa chumba changu cha kazi. Ilikuwa imekaa pale chini muda wote, imefunikwa blanketi.

Nilitoka nje nikainama kwenye mtaro. Nikatema, nikasukutua, nikarudi. Kazi niliyoianza huimaliza.

Karibu na katikati, pale usukani unapobanwa na fremu, mkono wangu ulikutana na kitu laini. Ilikuwa plasta. Plasta ya kidonda, ile yenye pamba katikati, imezungushwa kwa uangalifu, kingo zake zimejikunja na kuwa nyeusi. Niliitazama kwa muda. Nilifikiri labda inazuia kitu kisisugue. Niliibandua kwa ncha ya mkasi, na pamba ikatoka na unga mweupe mzito, kama ule wa pembe za mdomo wa mgonjwa. Chini ya unga alumini ilikuwa imejaa vishimo, na kati ya vishimo kulikuwa na ufa, umepanuka, kama mdomo unaotaka kusema. Nilikandamiza ncha ya mkasi pale kidogo tu. Ikazama.

"Baba!" binti aliita kutoka uani. "Umemaliza? Nataka niwahi mtelemko kabla jua halijatua."

Nikajibu, "Leo hapana, mama."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Mkasi ulikuwa umesimama wenyewe ndani ya usukani.

Kwa kuwa sikuzoea vyuma, sikutaka kuamua peke yangu. Nilifungua skrubu, nikautoa usukani mzima, nikauviringisha kwenye gazeti, nikaupeleka nyuma ya soko. Fundi baiskeli alifunua gazeti, akalifunika tena, akatafuta kitambaa. Yeye, mtu wa mate, aliushika kwa kitambaa.

"Hii baiskeli haijapandwa barabarani," akasema.

"Mwenyewe anasema haijaona vumbi."

"Hakudanganya. Imefungwa ndani kwenye stendi, gurudumu la nyuma linasugua rola, chuma cha duara kinachozunguka, mtu anakanyaga pedali hapohapo anatazama ukuta. Barabarani upepo unakukausha. Ndani jasho linadondoka, linaingia kwenye mkanda, linakaa. Chumvi yake inakula alumini polepole." Akaugonga kwa spana, ukatoa sauti ya debe lililojaa udongo. "Huu siyo usukani tena, ni biskuti. Baiskeli yenyewe alikuwa aipande nani?"

"Binti yangu."

Aliuviringisha tena kwenye gazeti na kunirudishia, kisha akapangusa mikono yake kwa petroli.

Njiani nilijiuliza jambo moja tu. Nilikuwa nimekagua viwiko, magoti na makalio. Kwapa sikulitazama. Kila koti linalokuja kwangu huoza kwanza kwapani, kwa jasho, na hilo nalijua kuliko fundi yeyote mtaani kwetu. Na pua yangu ilinipeleka palepale, nikainyamazisha kwa adabu.

Lakini hayo yalikuwa yangu. Ya shemeji nilitaka kuyasikia kutoka kwake, kwa sababu mtu anaweza kufanya jambo bila kujua. Jumapili mchana alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Alivaa suruali nyeupe. Mke wangu alikuwa anamimina, binti yuko mlangoni anamenya chungwa. Nilikuwa nimewaambia wao wawili tu kwamba usukani una kasoro. La plasta sikulisema.

"Shemeji," nikaanza, "yule fundi aliyekufungia mkanda mpya, huenda hakukuambia alichokikuta chini yake."

"Fundi gani? Nilifunga mwenyewe." Alisema hivyo kwa fahari, akachovya biskuti kwenye chai. "Si umeona kazi?"

"Nimeiona. Basi labda ulikuwa na haraka, hukuangalia sana."

"Haraka ya nini? Nilikaa nayo kutwa nzima."

Nilimpa mlango wa tatu. "Na plasta? Labda ilikuwepo tangu uinunue."

Akacheka, makombo yakamtoka. "Ah, umeikuta! Ilikuwa inalia, shemeji. Kila nikiinuka kwenye pedali, kwii, kwii, siisikii televisheni. Nikaifunga ikanyamaza."

"Ulijua imepasuka."

"Ufa kidogo tu, jamani. Na mimi nilikuwa sebuleni. Hata ningeanguka, ningeangukia zulia."

Mke wangu aliacha kumimina. Birika lilibaki hewani.

"Na huyu?" akauliza, kwa sauti ndogo. "Huyu angeangukia wapi?"

"Dada, usikuze mambo. Angeipanda siku ile moja ya majaribio, basi. Akichaguliwa timu itampa nyingine, si ndiyo? Nilimsaidia." Akalamba chai iliyomtiririkia kwenye kidole gumba, polepole, mpaka kwenye kiganja.

Nilikuwa nimewahi kuona kinyaa kwa vikombe, kwa kola, kwa vijiko. Siku hiyo nilikiona kwa mtu mzima aliyeketi kwenye kiti changu, na hakikuanzia puani. Nilimtazama midomo ikitafuna, nikayaona mambo yote mawili pamoja, ute kwenye mkanda na lile zulia. Sikuweza tena kuyatenganisha.

"Mjomba," binti akasema kutoka mlangoni, "ulinishika bega ukaniambia niishike vizuri."

"Si kweli ulitakiwa kuishika vizuri?" Akacheka tena, lakini peke yake. Alipoona hivyo akakasirika. "Haya, kama hamuitaki nirudishieni, isiwe kesi. Yupo kijana mmoja anapeleka vifurushi, ameiulizia tangu wiki iliyopita. Nifungie usukani wangu, shemeji, na ule mkanda mweusi kama hujauchana."

"Fremu chukua," nikasema. "Magurudumu chukua. Usukani hapana."

"Ni mali yangu."

"Ni mali yako."

"Basi nipe."

"Hapana."

"Sabuni, wewe una wazimu? Mwambie mumeo anipe kitu changu!" Alimgeukia dada yake. "Tangu lini mambo yetu yakaamuliwa na kinyaa cha huyu bwana?"

Mke wangu alitua birika. Aliingia chumba changu cha kazi, akatoka na lile gazeti, akalifungua juu ya meza, mbele ya biskuti. Sidhani alikuwa ameutazama usukani kabla ya hapo. Aliutazama sasa. Aligusa palipokuwa na plasta, kwa kidole kitupu, akakinusa kidole.

"Nilikuwa nakuosha," akamwambia kaka yake. "Ulikuwa mchafu kupindukia, nami nakuosha, nasema ni mtoto."

"Dada..."

Akaenda mlangoni. Binti akampisha. Mke wangu aliulaza usukani, upande mmoja kwenye kizingiti, mwingine sakafuni, akainua sketi kidogo, akaukanyaga kwa kisigino. Haukulia kama chuma. Ulikatika kama kipande cha mkate mkavu, na ndani yake ukamwagika unga wa kijivu na tone moja la maji ya kahawia lililokaa kwenye saruji bila kutaka kusambaa. Uzito aliouweka pale ulikuwa mdogo kuliko wa mtu anayeinuka kwenye pedali. Wote tuliona.

Aliviokota vipande viwili, akarudi, akaviweka mapajani mwa kaka yake, juu ya suruali nyeupe.

"Mali yako," akasema. "Sasa mpelekee huyo kijana wa vifurushi."

Shemeji aliondoka anaisukuma baiskeli isiyo na usukani, ameishika fremu kwa mbele kama anayemburuta mbuzi asiye na pembe. Hakuna aliyemsindikiza. Mke wangu alisimama katikati ya chumba, mikono ameitenga na mwili, hajui pa kuiweka.

"Nimwagie maji," akaniambia. Nikaleta ndoo na sabuni. Alinawa, nikammwagia, akanawa tena. Alilia kidogo akiwa bado ananawa, na mimi nikaendelea kumwaga mpaka ndoo ikaisha.

Kesho yake, mimi na binti, tulirudi nyuma ya soko. Ile ya rangi ya maini ilikuwa bado imetundikwa. Fundi hakuuliza tumefikiria nini siku zote zile. Aliishusha, akaizungusha magurudumu, akafungua mkanda wa usukani kidogo upande mmoja ili tuone chuma kilicho ndani, kikavu, cheusi, kizima. Niliinama nikakinusa, hapohapo mbele ya watu. Kilinuka chuma. Akaufunga tena. Kisha, kwa mazoea, akatema mate kidoleni, akayapaka mdomo wa mpira.

Safari hii niliinama pamoja naye. Tuliyatazama mate yake, vichwa vyetu vimekaribiana. Yalikaa palepale, yametulia, hayakutoa hata tundu moja la povu.

Akaninyooshea mkono uleule. Nikaupokea. Ulikuwa wa joto, una grisi, na ndiyo, ulikuwa umelowa. Binti yangu alinitazama usoni kama anayetazama mtu akimeza dawa.

Siku ya majaribio nilikwenda kusimama kwenye kona, upande wa ukuta. Fundi alikuja pia, akasimama ubavuni pangu, akitafuna kitu. Waliteremka mmoja mmoja, mwalimu akiwa chini na saa yake. Binti yangu, juu ya ile ya rangi ya maini, tulimsikia kabla hatujamwona, breki zake zilikuwa zinalia kwa sauti ya uaminifu. Alikuja ameinama, viganja vimeshika chini kabisa kwenye pembe za kondoo, uzito wake wote umeegemea pale. Usukani haukutetereka. Alipinda kwenye kona, ukuta ukabaki pale ulipo, naye akapotea upande wa daraja.

"Umeona!" fundi akapaza sauti. Akatema mate chini kwa furaha, karibu kabisa na kiatu changu.

Nilisogeza kiatu.